Mshipa wa Tatu

Kila asubuhi Mukonyo alitandika kitanda, akachemsha chai ya vikombe viwili, ndipo akakumbuka kwamba mama yuko hospitalini. Ilikuwa wiki ya pili sasa. Nyumba yao ya mtaa wa Woodley, ambayo siku zote ilikuwa finyu, ilimpwaya. Anti Carolyne, mdogo wa mama, alirudi kila jioni akiwa hoi, akala na kulala. Mukonyo alijihisi mpweke hata akawa anazungumza na sufuria.

Jumatano Anti aliingia mbio. "Muko, ile bahasha kubwa ya picha za skani iko wapi? Mama anapasuliwa pafu kesho na daktari anaitaka."

"Sijaiona," alijibu Mukonyo, macho yakimtoroka.

Uongo mtupu. Bahasha ilikuwa chini ya godoro lake. Kila usiku kabla ya kulala aliziinua picha zile kwenye taa, akamtazama mama kwa ndani, ndipo usingizi ukamjia. Aliogopa zikichukuliwa hazitarudi.

Anti alipekua kabati mpaka akachoka. "Basi. Mashine ya skani ya hospitali imeharibika, na Daktari Abdulrauf amesema bila picha hapasui. Mama atangoja, na huo uvimbe ulio pafuni hauna subira."

Mukonyo aliangua kilio, akaitoa bahasha. "Anti, nilidanganya. Nilikuwa naziangalia nikimkumbuka."

Anti hakumgombeza. Walifunga mlango, wakaipeleka pamoja hospitalini.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akafuata mstari mmoja kwa kidole. "Tazama, mwanangu. Kwa watu wengi, kila pafu lina mishipa miwili mikubwa ya kurudisha damu moyoni. Pafu la kulia la mama lina mitatu. Huu wa tatu umepita nyuma, mahali ambapo mkono wangu ungekata kwa mazoea."

"Ungeukata?"

"Ningeweza, na angepoteza damu nyingi. Sasa nimeujua, nitaukwepa."

Alhamisi alasiri, baada ya upasuaji, mama alifumbua macho, akamwita kwa jina. Mukonyo akamshika mkono, asitake kuuachia.

Daktari alimrudishia bahasha. "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Upweke nao ni maradhi, mwanangu. Ukikubana, usiufunike kwa uongo. Sema, usaidiwe."

Jioni ile Mukonyo alichemsha chai ya vikombe viwili. Cha pili akampa Anti, aliyekuwa akielekea kitandani.

"Anti, usilale bado. Kaa na mimi kidogo."

Anti akavua viatu, akaketi.