Mwalimu wa Stoo

Rafiki yangu Dishon huchomelea mageti pale Otonglo, na jioni husoma Kisanskriti kwa simu katika chuo kikuu kimoja cha India. Tulimcheka sana. "Bwana, hiyo lugha utasalimia nani nayo, ngege wa ziwani?" Siku hizi amechoka hata kututukana.

Chuoni kwao mwalimu husema mstari mara moja, mwanafunzi hurudia mara mbili. Lakini mtihani ni kukariri peke yako na kujirekodi. Ukikosa, chuo kinakutoa. Siku ya mtihani, mchana, Dishon alijifungia stoo. Mvua ikapiga mabati, stima ikapotea, akakariri gizani, simu ikirekodi, mpaka akakwama mstari wa mwisho.

Alitoka na simu mkononi, akanikuta nje. "Nimeanguka, ndugu yangu. Hebu sikiza."

Tulisimama mlangoni pa stoo, tukasikiliza simu. Mvua. Kisha sauti ya mzee, kavu, ikasema mstari, na Dishon akarudia mara mbili.

"Huyo ni nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Wakaendelea hivyo, polepole. Mstari wa mwisho mzee aliusema, Dishon akanyamaza. Mzee akausema tena, akangoja.

Dishon akazima simu.

Ndani ya stoo, mzee akausema tena.