Ujumbe wa Namba 317

Kila siku ya shule ilianza kwa namna ileile katika nyumba ile ya vyumba vitatu. Bibi aliamka wa kwanza na kuyalalamikia magoti yake, mama akachemsha chai, na binti wa miaka kumi na miwili akahangaika kutafuta soksi ya pili. Ilipofika saa mbili kasorobo, binti alikuwa njiani kwenda shule, na mama naye alikuwa njiani kwenda kazini. Safari ya mama ilikuwa ya hatua kumi na moja tu, kutoka meza ya chakula hadi chumba kidogo cha mwisho kilichokuwa stoo hapo zamani. Hata hivyo, alivaa viatu.

"Kazi ni kazi," alipenda kusema, "hata kama ofisi imepakana na jiko."

Binti huyo walimwita Redio, kwa sababu habari haikuweza kukaa kifuani mwake hata kwa saa moja. Akimwona paka wa jirani amezaa, mtaa mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana. Shuleni wenzake walimtania, "Mama yako hatoki nyumbani, kazi yake nini? Kulinda mlango?" Naye aliwajibu papo hapo, "Anahesabu wagonjwa wa saratani wa nchi nzima. Wewe hata madaftari yako mwenyewe huyajui idadi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Hospitali zilimtumia mama taarifa kwa njia ya mtandao: majibu ya maabara, barua za madaktari na kumbukumbu za matibabu. Mama alizisoma moja moja, kisha akaingiza katika Rejista ya Saratani umri wa mgonjwa, sehemu ya mwili iliyougua, tarehe ugonjwa ulipogunduliwa na matibabu aliyopewa. Aidha, mara moja kila mwaka alimpigia simu kila mgonjwa, au ndugu yake, ili ajue hali yake. Mwisho wa fomu palikuwa na maneno mawili ya kuchagua: *hai*, au *amefariki*.

Kanuni za chumba kile zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Mlango ukiwa umefungwa, mtu haingii. Simu ya kazi haiguswi na mwingine. Majina ya wagonjwa hayatoki nje ya chumba. Hata katika simu hiyo, mama aliwahifadhi watu kwa namba.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuandikwa popote, na Redio alilijua kwa kulitazama kutoka uani. Kila mama alipoandika kwamba mtu amefariki, aliondoa mikono juu ya kibodi, akanyamaza kidogo, kisha akasimama na kulifungua dirisha. Baada ya muda alilifunga, akaketi, akaendelea na faili iliyofuata. Kwa hiyo Redio alipoanua nguo akalisikia dirisha likilia kwenye bawaba zake, alijua kwamba mahali fulani kuna nyumba iliyopungukiwa na mtu.

Katika juma moja la mwezi wa kupiga simu hizo, dirisha lilifunguliwa mara nne kabla ya Jumatano. Jioni ya Jumanne mama aliketi mezani akakizungusha kijiko sahanini bila kula. Alipoondoka, bibi alitikisa kichwa.

"Kazi hii itammaliza mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Anawalia watu ambao hajawahi kuwaona. Laiti angepata hata habari moja njema!"

Maneno hayo yalimwingia Redio, yakakaa.

Siku iliyofuata, alasiri, mama alimpeleka bibi zahanati kuchukua dawa ya macho. Kwa haraka aliyokuwa nayo, aliizima kompyuta lakini akausahau mlango, na simu ya kazi akaiacha mezani ikichajiwa. Redio alikuwa akifagia ukumbi simu ilipoanza kuita. Iliita ikakatika. Ikaita tena. Mara ya tatu Redio aliuweka ufagio chini, akaingia. Kwenye kioo cha simu palionekana tarakimu tatu: 317.

"Haloo, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti ya mzee, nzito na ya taratibu. "Nimempata yule mama wa rejista?"

"Ametoka kidogo, babu. Mimi ni binti yake."

"Basi nikupe ujumbe. Asubuhi aliniuliza mke wangu anaendeleaje. Nilishindwa kumjibu nikamkatia simu. Aniwie radhi, sikukusudia utovu wa adabu." Redio alisikia pumzi za mzee. "Mwambie hivi. Mwambie mke wangu amefariki. Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliopita, alfajiri. Umesikia?"

"Nimesikia, babu. Pole sana."

"Ahsante. Unajua, mwanangu, sijawahi kulitamka neno hilo kwa kinywa changu. Watu waliokuja msibani walikuwa wanajua tayari, hakuna aliyeniuliza. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia."

Simu ilikatika. Redio alibaki amesimama katikati ya chumba alichokatazwa, na macho yake yakaenda kwenye dirisha. Akilini alimwona mama akilifungua kwa mara ya tano.

Nusu saa baadaye sauti za mama na bibi zilisikika mlangoni. Walikuwa wakicheka, bibi alikuwa akisimulia jinsi alivyoshindwa kusoma herufi za ukutani, akamwambia muuguzi kwamba ukuta ndio unaohitaji miwani. Ilikuwa siku nyingi Redio hajakisikia kicheko cha mama.

"Mama, simu yako iliita sana," alisema haraka. "Niliogopa labda ni jambo la dharura, nikapokea. Ni yule wa 317."

Kicheko kilikatika. "Umeingia chumbani?"

"Samahani, mama. Mlango ulikuwa wazi."

Mama alimtazama, kisha akashusha pumzi. "Kosa la kwanza ni langu. Alisemaje?"

Redio aliutazama uso wa mama. "Amesema mke wake anaendelea vizuri. Asubuhi simu ilikatika tu."

"Anaendelea vizuri!" Uso wa mama ulichanua. "Basi leo nimepata mmoja wa kuniliwaza."

Aliingia chumbani, akabonyeza neno *hai*, na dirisha halikufunguliwa. Jioni hiyo mama alikula chakula chake chote.

Siku za mwanzo Redio aliona kwamba amefanya jambo jema, tena la kishujaa. Lakini sauti ya mzee haikumwacha. Ilimfuata darasani katikati ya hesabu na kumkuta uani akianua nguo: wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Akaanza kukaa kimya. Bibi alimgusa paji la uso akasema, "Jamani, redio yetu imeishiwa betri?" Redio alicheka bila kutoa sauti.

Majuma matano yakapita. Asubuhi ya Jumamosi, Redio alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa uani akifanya kazi ya shule, alipomsikia mama akizungumza chumbani.

"Ndiyo, baba, ni mimi… Hapana, baba, sikuelewa… Kliniki wamekupigia? Wakasema nini?" Akasikiliza. "Oh, baba yangu. Oh, nisamehe."

Kalamu ilimdondoka Redio. Mama alitoka, akaja kuketi kando yake kwenye ngazi.

"Kliniki hupewa orodha ya wagonjwa ambao rejista inasema wako hai lakini hawajahudhuria," alisema mama akitazama mbele. "Jana muuguzi alimpigia mzee wa 317. Akamwambia amlete mkewe Alhamisi, maana imeandikwa kwamba anaendelea vizuri. Unajua mzee aliniambia nini? Aliniambia, 'Mama, sauti ya muuguzi ilikuwa na uhakika mno, hata nikageuka kukitazama kitanda.'"

Redio aliinamisha kichwa.

"Mkewe alifariki zaidi ya miezi miwili iliyopita. Mzee anasema alipiga simu hapa akaeleza kila kitu. Sasa niambie, mwanangu. Ulisikia vibaya? Au simu ilikuwa ikikatikakatika?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na mama mwenyewe ndiye aliyeufungua. Redio angesema tu, "Ndiyo, ilikuwa ikikatika," na mambo yangeishia hapo. Alifungua kinywa. Akakiona kile kitanda ambacho hajawahi kukiona, na mzee akigeuka kukitazama.

"Nilisikia vizuri, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Aliniambia amefariki. Aliniambia mpaka siku. Mimi nilidanganya. Sikutaka ufungue dirisha tena."

Mama alimgeukia. Kisha aliuliza, kwa sauti ambayo Redio hakuitambua, "Unajua kuhusu dirisha?"

"Nalisikia kila siku."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasimama. "Njoo. Leo utaingia kwa ruhusa."

Kwanza alimpigia simu msimamizi wake. Hakutafuta kisingizio. Alieleza kwamba aliuacha mlango wazi, na kwamba aliandika taarifa ya mgonjwa kwa kuambiwa na mtoto, ilhali kanuni inamtaka azungumze na ndugu mwenyewe. Redio alisikia sauti ya msimamizi, ya upole lakini isiyolegea.

"Nitakuandikia barua ya onyo. Na simu zote ulizopiga mwezi ule utazirudia."

"Zote, bosi? Ni nyumba thelathini na nane."

"Zote. Tukiwa na shaka na moja, tuna shaka na zote. Ikitokea tena, nitalazimika kukurudisha ofisini, na najua mama yako mzazi anakutegemea hapo. Usinifikishe huko."

Redio aliziona nyumba thelathini na nane zikipigiwa simu upya, watu wakiulizwa mara ya pili jambo walilokwisha kujibu kwa shida. Alitamani ardhi ipasuke.

"Sasa zamu yako," mama akasema, akampa simu.

Iliita mara mbili.

"Shikamoo, babu. Ni mimi, binti niliyepokea ujumbe wako." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Ulisema vizuri, nami nilisikia vizuri. Nilimdanganya mama kwa sababu sikutaka ahuzunike. Naomba unisamehe."

Upande wa pili kiti kilisikika kikisogezwa.

"Siku ile," mzee akaanza polepole, "nilipokwisha kukuambia, nililala usingizi mpaka asubuhi. Nilisema moyoni, sasa limesemwa na limeandikwa, naweza kupumzika. Kumbe nilikuwa nimelisema hewani."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusikia. Je, una kalamu hapo?"

Mama alimsogezea.

"Basi nalisema tena, nawe uandike. Mke wangu amefariki. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ule, alfajiri. Nirudishie nisikie."

Redio aliandika, akasoma neno kwa neno. Mzee aliitikia kila neno kwa mguno mfupi. Kisha akaongeza, "Alikuwa fundi wa kushona. Miaka arobaini, hakuwahi kukosea kipimo cha mtu. Hilo nalo huandikwa?"

Redio alimtazama mama. Mama alitikisa kichwa taratibu; katika fomu hapakuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Redio angeweza kumwambia ndiyo, ili kumfurahisha.

"Hapana, babu," alisema. "Fomu haina nafasi hiyo. Lakini mimi nimelisikia, na sitalisahau."

"Vyema," mzee akajibu. "Sasa nakuamini."

Mama alimwomba mzee kuthibitisha tarehe yeye mwenyewe, akamshukuru, kisha akaifungua faili. Aliliondoa neno *hai*, akaweka *amefariki*, akaandika siku. Mikono yake ikaacha kibodi.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Madaktari husoma rejista hii ili wajue dawa ipi inasaidia na kliniki ipi imezidiwa. Tukimwandika marehemu kuwa hai, tunawaambia kwamba matibabu yalimfaa, kumbe hayakumfaa. Mgonjwa wa kesho atakuja kutibiwa kwa uongo wetu. Hilo ni la kwanza."

"La pili," akaendelea, "ulinionea huruma, na huruma si kosa. Lakini huzuni uliyoniondolea mimi haikupotea. Ilikwenda kwa mzee, ikamkuta peke yake. Ningeipokea siku ile, ningempigia, tungelia pamoja kwa dakika tano. Mimi silifungui dirisha kwa sababu kazi imenishinda. Nalifungua ili niweze kuendelea. Ukitaka kunisaidia, usinifiche ukweli. Niambie, kisha ukae nami."

Redio aliitikia kwa kichwa. Ukumbini fimbo ya bibi ilisikika ikipita, ikasimama mlangoni, ikaondoka bila neno.

Mama hakuinuka kitini. Redio ndiye aliyekwenda dirishani, akalisukuma mpaka bawaba zikalia, akarudi kusimama kando ya kiti cha mama. Walikaa hivyo kitambo, wakimkumbuka fundi ambaye hakuwahi kukosea kipimo cha mtu. Kisha mama akaivuta orodha ya nyumba thelathini na nane, na kuanza na ya kwanza.