Maneno ya Hamse Hayamo

Siku ya Idd, nusu ya Isiolo huwa kando ya mto. Mikeka imebanana, watoto wanapiga kelele, harufu ya pilau imejaa hewani. Katikati ya vurugu hiyo Umulkheir, msichana wa Kulamawe, na dera lake la kijani na raba nyeupe, akakanyaga mkeka wa watu na kuangusha thamosi ya chai.

"Salaam aleikum, abaayo, dada yangu," sauti ya kiume ikasema. "Umeingia sebuleni kwetu na viatu."

"Aleikum salaam. Wallahi, nisamehe! Nilikuwa naangalia watu."

"Kwani sisi si watu?"

Mwenye mkeka aliitwa Hamse, dereva wa lori, kanzu nyeupe pe, tabasamu la kuudhi. Umulkheir akajieleza: yeye ni mtafiti, anachunguza jinsi wananchi wanavyotumia ardhi ya umma kupumzika. Kulikuwa na mpango wa kuuzungushia uwanja ule wa mtoni ua na kutoza kiingilio, naye alitakiwa kupeleka maoni ya wanaoutumia.

"Wewe huja hapa kwa nini?"

Hamse akaacha mzaha. Akamtazama mama yake, Khadijo, aliyekuwa akicheka na majirani. "Bulla Pesa tunaishi chumba kimoja. Kule mama yangu huvumilia tu. Hapa ndipo hucheka. Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Hata namba za simu wakapeana, ingawa utafiti haukuzihitaji.

Wiki iliyofuata Hamse akapiga akiwa njia ya Marsabit.

"Daktari wa mikeka, umekula?"

"Bado, nina kazi nyingi."

"Kazi haina miguu, haitakimbia. Kula kwanza."

Umulkheir akacheka, kisha akabaki ameishika simu hata baada ya kukatwa. Alijua yamemkuta. Tangu hapo simu zikawa asubuhi, mchana na jioni, na Bulla Pesa yote ikajua kuwa Hamse amepatikana.

Halafu ukaja mkutano wa wananchi kuhusu uwanja ule. Hamse akavaa shati jipya, akakaa mbele kabisa, akingoja mpenzi wake asome yale ya mama. Umulkheir akasoma maoni ya wachezaji mpira, ya wauza chai, ya maharusi wanaopigia picha pale. Ya Hamse hayamo. Hayamo kabisa!

Lo, aliumia huyo! Akaondoka bila kuaga, akazima simu. Alipoiwasha kesho yake, ikaita papo hapo.

"Hamse, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Umesoma ya kila mtu, ya mama yangu ukatupa. Ulimwonea aibu?"

"Si hivyo! Nisikilize..."

"Sikiliza watu wako wa maana." Akakata.

Ijumaa baada ya swala, Umulkheir akawafuata Hamse na mama yake mtoni. Safari hii alivua raba kabla ya kuufikia mkeka.

"Karibu, binti," Mama Khadijo akasema. Hamse akajifanya anaangalia maji.

"Maneno yako niliyatoa mimi," Umulkheir akamwambia. "Kazi yetu ina mwiko. Nikitumia maneno ya mtu ninayempenda, watasema nimependelea, na ya wengine yote yatatupwa."

Hamse akageuka. "Uliyatoa lini?"

"Jioni ile uliponiuliza kama nimekula."

"Ile simu ya kwanza? Na muda wote huu ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Si ningekuwa nimekutongoza mimi!"

Hamse alitaka kuendelea kununa, akashindwa.

"Basi nihoji mimi," Mama Khadijo akadakia. "Maneno yaingie, yaishe."

Umulkheir akavuta mtandio usoni. "Wewe pia siwezi, mama."

"Kwa nini?"

Umulkheir akamtupia Hamse jicho. Mama Khadijo akamtazama yeye, akamtazama mwanawe, kisha akapiga kigelegele mpaka watu wa mikeka ya jirani wakageuka.

"Mkutano ujao nitasimama niseme mwenyewe, mdomo ninao," akasema akifuta machozi ya kicheko. "Na wewe warya, kijana, tafuta wazee waende kwao Kulamawe."

"Hata kesho, mama."

Hamse akamsogezea Umulkheir sahani. "Daktari, umekula?"

"Bado," akasema, akaketi.