Vidole Chini ya Mlango

Asubuhi ile ya mwaka 2002 nilimsindikiza dada yangu mkubwa, Katungu, kwenye chumba cha ushauri pale mtaani Mangobo. Tulipita sokoni, tukanunua ndizi, tukacheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi. Mtu atibiwe moyo kwa kutazama vidole vya muuguzi? Lakini dada alikuwa hajalala vizuri tangu vile vita vya siku sita vilivyoupiga mji wetu mwaka 2000, na mimi ndiye niliyejua sababu kuliko mtu yeyote.

Muuguzi aliitwa Élise. Alikuwa amefundishwa dawa hiyo na daktari mgeni: mgonjwa anakumbuka lile linalomtesa, huku macho yakifuata vidole viwili, kushoto, kulia, mpaka kumbukumbu ipoe.

"Isaïe, wewe ukae pale kwa mulango," aliniambia. "Musindikizaji haseme kitu."

Niliipenda sana sheria hiyo.

"Bon. Yaya Katungu," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima, "fwata vidole yangu. Macho tu. Uko unaona nini?"

"Mulango ya duka yetu. Bombe ziko zinaanguka. Djamila iko inje, analia tumufungulie."

Djamila alikuwa jirani yetu, muuza mikate. Alitulisha kwa mkopo miaka mingi bila kutuaibisha.

"Ameingiza vidole chini ya mulango," dada alisema. "Iko na hina. Inaenda kushoto, inarudi kuume. Inatafuta."

"Na wewe?"

"Nimeshika komeo. Naogopa. Bombe moja inaanguka karibu, nafunika uso. Kisha Isaïe ananiambia Djamila ameenda." Machozi yalimtoka. "Kesho yake tulimukuta pale pale, amekufa. Ni mimi nilimuua."

Sasa nawaambia ninyi nisichowahi kumwambia yeye. Dada alipofunika uso, alikuwa ameshaanza kuvuta komeo. Alitaka kufungua. Niliona, nikasukuma gunia la chumvi kwenye mlango. Lilipita juu ya vidole. Nilisikia. Nikasukuma tena. Asubuhi nililisogeza gunia kabla hajaamka, nikafuta sakafu. Miaka miwili nilimtazama akijiita muuaji, nami nikala naye sahani moja. Naona haya hata kuandika.

Élise alishusha mkono. "Pumzika, yaya."

Macho ya dada hayakupumzika.

Kushoto. Kulia. Kushoto.

Mkono wa Élise ulikuwa umetulia magotini. Macho yaliendelea kufuata kitu. Kisha yakashuka. Yakafika sakafuni. Yakaja upande wangu.

"Yaya," Élise alinong'ona, "uko unafwata nini?"

"Iko chini ya kiti ya Isaïe."

Sikuthubutu kuinama. Nilihisi baridi kisiginoni.

"Djamila anasema iko nzito," dada alisema polepole. "Anasema chumvi iko nzito." Macho yake yakasimama, yakanitazama usoni. "Isaïe. Chumvi gani?"

Élise alinigeukia.

"Isaïe, leo unaweza kusema."

Neno moja lingetosha. Dada yangu angelala usiku huo. Alinisubiri mdomo wazi, kama mtu anayesubiri maji.

"Musindikizaji haseme kitu," nilijibu.

Dada aliinamisha kichwa. "Basi ni mimi," alisema. Mpaka leo, kila Pasaka, anaenda kuungama kwa padri kwamba alimuua Djamila.

Walipotangulia kutoka, nilisogeza kiti. Mlango wa chumba kile uligusana na sakafu ya saruji, hata karatasi isingepita chini yake. Lakini kutoka mlangoni hadi pale kisigino changu kilipokuwa, kulikuwa na mistari minne myeupe. Niligusa, nikalamba kidole. Chumvi.

Dada aliniita kutoka nje. Niliifuta haraka kwa kiatu, asiione.