Ndiyo ya Kiti Kitupu

Mnadhimu wa Bunge aliingiwa na baridi siku ile ndiyo moja ilipotoka kwenye kiti kisicho na mtu.

Jamhuri ilikuwa bado changa, ukumbi unanuka rangi, na waheshimiwa ndiyo kwanza wanajifunza kusinzia wamekaa wima. Kura zilipigwa kwa sauti: Spika anauliza wanaoafiki, wanaitikia ndiyo; anauliza wasioafiki, wanaitikia siyo; wenye kelele zaidi ndio washindi. Kazi ya mnadhimu ilikuwa kuhakikisha ndiyo ya serikali haizidiwi, na kazi hiyo ilimtoa jasho, maana wabunge wale wa mwanzo walikuwa bado wanamiliki ndimi zao. Basi bwana mkubwa akaona njia ya mkato. Alikwenda kwa mganga, akarudi na hirizi iliyozongwa nywele, akaipachika chini ya kiti cha Spika wafagiaji walipokwenda kula.

"Humo mna jini," mganga alikuwa amemwambia. "Halijui kukataa."

Kiti kile kitupu kilikuwa cha mbunge aliyelazwa hospitalini. Ndiyo yake ilitoka nzito, ikafuatwa na harufu ya nywele zinazoungua, na jirani yake akahama bila kuaga. Baridi ilipomtoka, mnadhimu alicheka kimoyomoyo. Miswada ikaanza kupita kama maji kwenye mfereji. Waliotaka kusema siyo walijikuta wanatamka ndiyo, wakitazamana kwa haya, na baadaye wakazoea. Binadamu hashindwi kuzoea.

Aliyebaki mbishi ni mmoja tu, aliyekuwa akitoka nje ya ukumbi na kuikana ndiyo yake, ndugu wa mke wa mnadhimu, ambaye wenzake walimbandika jina la Bwana Siyo. Serikali ikachoka naye. Ikaletwa hoja avuliwe ubunge na awekwe kizuizini.

Mke wa mnadhimu hakulia. Alimshika mumewe mkono mezani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Sina kaka mwingine. Sema siyo mara moja tu, mume wangu. Kwa ajili yangu." Mnadhimu akaahidi, na aliahidi kwa moyo wote, kwani kama kuna kitu alikipenda kuliko cheo chake, ni mwanamke huyo.

Siku ya hoja, Spika aliuliza wasioafiki, na ukumbi ukanyamaza, na ile harufu ikapanda kutoka chini ya viti hadi macho yakawasha, na Bwana Siyo akasimama amejishika taya kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, akatamka ndiyo juu ya kichwa chake mwenyewe, na mnadhimu naye akasimama, siyo iko kwenye ncha ya ulimi, anaionja kabisa, akafungua kinywa, ikatoka ndiyo iliyotikisa vioo vya madirisha. Shemeji yake alimtazama mpaka askari walipomtoa.

Hakumaliza mwezi huko kizuizini. Walimrudisha maiti.

Mke akafunga mdomo. Alipika, akatenga chakula, akafua, lakini neno hakutoa. Mnadhimu alimpigia magoti, akamweleza habari za hirizi mwanzo hadi mwisho, akamwomba msamaha. Mke akaendelea kufua. Mchana mmoja, Bunge likiwa mapumzikoni, alimpitisha mganga mlango wa nyuma wa ukumbi, wakaichomoa hirizi na kuichoma kwenye beseni.

"Utatoka?" mganga aliliuliza jini.

"Ndiyo," viti vyote vikajibu.

"Umeshatoka?"

"Ndiyo."

Mganga alikusanya vyombo vyake haraka kuliko mtu aliyeshinda. Mnadhimu alimwuliza kama basi yamekwisha. Mganga alisema jini limekiri lenyewe, yeye angetaka nini zaidi, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mnadhimu alifika nyumbani jua bado kali. Mkewe alikuwa jikoni, amempa mgongo, anachambua mchele. Alimweleza kwamba lile jini limeondoka, kwamba sasa ulimi wake ni wake, kisha akapiga magoti tena, kama kila siku.

"Mke wangu, umenisamehe?"

"Ndiyo."

Alilia kwa furaha, akanyanyuka kumkumbatia. Ndipo pua yake ikanasa nywele zinazoungua. Mkewe aligeuka, ameubana mdomo wake kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kukataa, anatikisa, anatikisa.

"Ndiyo," sauti ikarudia kutoka kifuani mwake. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."