Taa Nyekundu Siku ya Sabato

“Hapana, Bravin, asijue. Bochaberi asijue kabisa.”

Bochaberi alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo. Sauti ya mume wake ilimfikia kupitia dirisha la jikoni, ya chini chini, ya mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akasimama na shati mkononi.

“Nyaya zimefika kila chumba, mpaka cha kulala,” Ratemo aliendelea kwenye simu. “Nawasha leo kabla Sabato haijaingia. Vyake vyote vitanaswa. Kesho jioni namkalisha chini, ajionee.”

Shati lilianguka kwenye vumbi na hakuliokota. Vyake vyote. Vyake vipi hivyo?

Ratemo ni fundi wa televisheni mjini Homa Bay. Wiki kadhaa alikuwa akitoboa kuta na kupitisha nyaya, na chini ya TV ya sebuleni aliweka kompyuta kuukuu aliyoletewa na Bravin, fundi mwenzake wa Migori. Bochaberi alipouliza, alijibiwa kwamba ni mtambo wa nyumba nzima, atulie, atauona ukiwa tayari. Akatulia. Mke wa fundi huzoea vyuma kama mke wa mvuvi anavyozoea harufu.

Lakini mwanamke mwenye siri hatulii muda mrefu, na huyu alikuwa nayo. Kabla ya Ratemo aliishi Macalder na mchimba dhahabu aitwaye Mokua. Mokua alimpiga mpaka siku alipotoroka na nguo alizovaa, akaja kwa shangazi yake Homa Bay. Ratemo alipomchumbia, Bochaberi alimwambia hajawahi kuwa mke wa mtu. Alimpenda, akaogopa ukweli ungemfukuza. Sasa Mokua alikuwa amepata namba yake. Mume akiwa kazini simu ilikuwa ikilia, naye Bochaberi akiipokea palepale chumbani, akimbembeleza Mokua amwache na kulia. Chumbani ambako sasa kulikuwa na waya.

Jioni hiyo ya Ijumaa Ratemo alizima TV na redio, wakaimba, wakaomba, wakafungua Sabato kama Wasabato wote. Bochaberi alipoinua kichwa kutoka kwenye maombi aliiona taa ndogo nyekundu kwenye ile kompyuta. Kitu ndani yake kilikuwa kinanguruma polepole. Katika nyumba hiyo hakikuwashwa kitu cha kutazama mpaka Jumamosi jua lizame. Kama TV imelala, mashine iko macho inafanya nini? Wewe ungefikiria nini?

“Umesahau kuzima ile,” alisema.

“Achana nayo,” Ratemo alijibu haraka, na macho yake yakakimbilia mlangoni. “Na usimwambie mtu.”

Mume wake hakuwa mtu wa kukwepa macho. Bochaberi alilala akiwa amegeukia ukuta, akiogopa hata kukohoa.

Asubuhi wakiwa njiani kwenda kanisani simu yake ilitetemeka kwa ujumbe wa Mokua.

*Huyo Msabato wako anajua ulikuwa bibi yangu? Ukiendelea kunikataa nitakuja kanisani nisimame mbele niseme.*

Mahubiri hakuyasikia. Kila mlango ulipofunguka aligeuka kutazama. Aliingia mama na mtoto, akaingia mzee aliyechelewa, na Mokua hakuja. Walipotoka akakuta ujumbe mwingine: *Sabato ijayo.*

Jua lilipozama Ratemo alifunga Sabato kwa ombi fupi kuliko kawaida. Kisha akavuta kiti mbele ya TV.

“Keti hapa, Bocha. Kuna kitu nataka uone.”

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, maana hata Mokua alikuwa akitabasamu kabla ya kumpiga. Ratemo akanyoosha rimoti.

“Usiwashe,” Bochaberi alisema. “Nitakwambia mwenyewe. Sitaki usikie kwa mashine.”

“Nisikie nini?”

“Mokua. Nilikaa naye Macalder. Nilikuwa bibi yake, Ratemo. Nilikudanganya.”

“Mokua ni nani?”

Bochaberi alidhani anajaribiwa, kwa hiyo akasema yote. Vipigo, kutoroka, simu za mchana, vitisho vya kanisani. Alisema akitazama sakafu mpaka maneno yakamwishia. Ratemo aliweka rimoti mezani, akatoka nje. Bochaberi alianza kukumbuka nguo zake zilikuwa wapi, tayari kufungasha. Ratemo aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

“Sasa washa,” Bochaberi alisema. “Sina kingine.”

Ratemo akabonyeza. Kwenye kioo akatokea mwanamke wa gauni la kijani akigombana na mama mkwe wake. Bochaberi alimjua. Ni ile tamthilia ya Ijumaa jioni aliyokuwa akiitazama kwa shangazi yake kabla hajabatizwa.

“Hii ni nini?”

“Ni tamthilia yako. Hii mashine inarekodi TV, Bocha. Haina macho, haina masikio.”

Akamweleza, sauti ikiwa nzito. Alijua Bochaberi aliiacha kwa ajili yake, na kwamba kila Jumapili aliwauliza majirani yule mama mkwe amefanya nini tena. Ndiyo maana aliunda kitu cha kunasa vipindi vyake vyote wakiwa kwenye Sabato, avitazame baadaye chumba chochote anachotaka. Alimficha ili zawadi imjie ghafla. Halafu jirani yao Ongeri, mzee wa kanisa, alikuwa ameshasema kwamba hata mashine ikifanya kazi siku ya Sabato ni kazi, ndiyo maana hakutaka mtu mwingine ajue.

Bochaberi alitaka kucheka akashindwa. Simu yake ikalia. Jina lilikuwa la Mokua.

Ratemo aliichukua akaweka sauti ya nje.

“Mokua, mimi ni Ratemo, bwana wa Bochaberi. Ameniambia yote. Hebu rudia hivyo vitisho vyako pole pole, hii simu inarekodi. Jumatatu tunapeleka polisi.”

Ilisikika pumzi upande wa pili. Kisha simu ikakatwa.

“Anaweza kuja bado,” Bochaberi alinong’ona.

“Anaweza.” Ratemo alikaa sakafuni karibu na miguu yake. “Umeniumiza, sitakuficha. Nilikuwa mumeo na ukalia peke yako chumbani. Uliniogopa hata mimi?”

“Nilikuogopa wewe zaidi.”

“Kuliko mtu aliyekupiga?”

“Yeye angenipiga tu. Wewe ungeniacha.”

Ratemo alimshika mkono.

“Basi Sabato ijayo tunakaa benchi ya mbele,” alisema. “Akisimama kusema, atanikuta nimesimama.”