Kulia kwa Mashoto

Rejeta ilipasuka adhuhuri katikati ya miiba, na kinyozi, kwa haraka zake zilezile, akafungua mfuniko kwa mkono mtupu. Mvuke ukamrukia. Alipiga yowe moja, kisha akakaa chini vumbini, ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu aliyepakata kichanga.

"Nilikwambia usubiri ipoe," mjane alisema.

"Uliniambia mengi, shemeji."

Ni kweli alisema mengi. Miezi miwili walikuwa wakikaa kwenye meza yake ya cherehani, ramani imetandazwa juu ya vitambaa vya wateja, wakipanga safari ya barabara kuu ya zamani na mbuga tatu zilizo kandokando yake. Yeye alitaka madumu manne ya maji. Kinyozi akasema gari si lori la maji. Yeye alitaka wafuate lami mpya hadi lango la mbuga ya kwanza. Kinyozi akakataa katakata, maana marehemu alitaka njia ya zamani, ile aliyoichonga mwenyewe kwa greda enzi za ujana wake.

Marehemu alikuwa kaka wa kinyozi na mume wa mjane, na mji mzima ulimwita Mashoto. Safari hii ilikuwa yake. Aliipanga mwaka hadi mwaka, akafa kabla hajafunga begi. Akiwa kitandani hospitali alimpa mdogo wake maelekezo kwa mdomo: mkivuka daraja la mawe njia inagawanyika, shikeni kulia, mbele kidogo kuna kisima cha kambi yetu ya ujenzi wa barabara, na askari wa mbuga hawakosekani pale.

Walivuka, wakashika kulia. Kisima hawakukiona. Kinyozi akasema mbele kidogo, tena mbele kidogo, gari likitambaa kwa gia ya kwanza, hadi barabara ikawa kinjia cha nyati. Dumu la mwisho alilimimina kwenye rejeta, maji yote yakatokea chini. Ikabaki chupa moja ya kunywa.

Mjane alichana bitana ya gauni lake akamfunga mkono. Alifunga kwa hasira, lakini fundo lilikaa sawasawa. Jua liliwaka hadi bati la gari likawa halishikiki. Kundi la nyati lilipita karibu sana, wakasikia pumzi zao. Wote wawili walijibana ndani ya gari, vioo juu, jasho likiwachuruzika.

Nyati walipokwisha kupita, kinyozi alisema waendelee mbele. Mjane akamuuliza mbele ya wapi. Kinyozi alichukua biskuti kwa mkono mzima, wa kushoto, akaila kwa kuinamisha kichwa upande.

Mjane akamkazia macho. Miaka yote ya ndoa alikuwa amekaa mezani mbele ya kichwa kilichoinama vile.

"Shemeji, kaka yako alikuwa anakula kwa mkono gani?"

"Huu. Si ndiyo maana akaitwa..."

Kinyozi akaacha kutafuna. Tangu utoto Mashoto aliwabishia watu kwamba mkono wa kulia ni ule unaoingia kwenye sahani, na wake ni huu wanaouita wa kushoto, wao na wajijue. Nyumbani waliuchukulia kuwa ni utani. Barabarani hakuwahi kumwelekeza mtu, kwa kuwa usukani ulikuwa wake siku zote.

"Mungu wangu," kinyozi alisema. "Na mimi nikaishika ile 'kulia' yake kama sala."

Walirudi kwa miguu, wakifuata alama za matairi yao. Chupa iliisha mapema. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa kama kipande cha gunia. Kinyozi alianguka mara mbili. Mara ya pili mjane alimwambia kwamba akifia hapa hatamsamehe, kuzika mmoja kunamtosha. Akainuka.

Jua lilipokuwa limeinama waliliona daraja. Kwenye mgawanyiko wakashika ile njia ya kushoto waliyoiacha. Hawakwenda mbali: palikuwa na kuta za kambi zilizobomoka, pampu ya mkono juu ya kisima, na askari wawili wa wanyamapori wakiosha sufuria.

"Kunywa polepole, mama," alisema mmoja.

Alikunywa. Kisha akageukia zile kuta akafoka, "Mashoto! Si ungesema kushoto tu kama watu?"

Tangu mazishi hakuwa amemtaja kwa jina wala kutoa chozi. Sasa yalimtoka yote, pale pale penye pampu, na askari akamtazama kinyozi kwa wasiwasi.

"Mwache," kinyozi alisema. "Anaongea na mumewe."

Gari lilivutwa, rejeta ikazibwa, na siku ya pili wakaondoka, mjane kwenye usukani, madumu manne nyuma. Kwenye njia panda ya mbuga ya pili alipunguza mwendo.

"Wapi?" aliuliza.

"Kaka alisema kulia," kinyozi alisema, mkono wenye bendeji mapajani.

Mjane akakata kushoto.